Hakupiga ukelele, na ameshaoga: je, kesi ipo?

SWALI: Mdogo wangu wa kike ana miaka 22. Jumamosi saa nne usiku, baada ya harusi ya jirani, alibakwa na mtu tunayemjua, rafiki wa nyumbani. Alinyamaza hadi jana Jumapili jioni. Ameshaoga, dera ameshalifua, na mwilini hana hata mchubuko. Shangazi anauliza mbona hakupiga ukelele. Mama anataka aitwe somo, yaani kungwi, amwangalie kwanza, na wazee wanataka maslaha, yaani yaishe kwa suluhu ya kifamilia. Je, bado kuna la kufanya? (Dada mtu, Likoni)

JIBU: Lipo, dada, na la kwanza ni kuvuka feri leo hii. Pole sana kwake na kwenu.

Mpelekeni Hospitali Kuu ya Pwani, kwenye kituo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Msipitie kituo cha polisi kwanza mkidhani hatatibiwa bila karatasi yao. Matibabu hayangoji ripoti, na kwa sheria ni bure katika hospitali ya umma. PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya HIV, huanzwa ndani ya saa 72 tangu tendo, si tangu mlipoambiwa. Kwenu saa hizo zinaisha kesho Jumanne saa nne usiku, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa. Humezwa siku 28 mfululizo. Wengi huziacha njiani kwa sababu ya kichefuchefu. Akisumbuka arudi kliniki abadilishiwe au apewe ya kutuliza, asiache. Vidonge vya kuzuia mimba vya dharura vinatolewa hadi saa 120, ila mapema ni bora. Akitapika ndani ya saa mbili baada ya kuvimeza, apewe vingine.

Kuoga hakufuti kila kitu. Sampuli za ndani ya uke huweza kupatikana kwa siku kadhaa. Chupi ya usiku ule, kama bado iko kwenye karai la nguo chafu, msiiguse kwa maji. Ikiwa na unyevu ianikwe kivulini, kisha itiwe kwenye bahasha ya kaki, kila nguo bahasha yake. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, ukungu ukaota na vipimo vikaharibika. Dera nalo mlichukue. Hata nguo iliyofuliwa wakati mwingine hubaki na chembe za DNA.

Sasa swali la shangazi. Mwili ukishikwa na hofu kubwa huweza kuganda: sauti haitoki, mikono haiinuki, na mtu hachagui. Utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya waliobakwa mjini Stockholm ulikuta 70% waliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tendo. Walioganda ndio waliokuwa hatarini zaidi kupata msongo wa baada ya kiwewe na sonona miezi sita baadaye. Kwa hiyo kila anayemuuliza "mbona hukupiga kelele" anamtwika hatia mtu ambaye tayari anajilaumu. Na asiyepigana mara nyingi habaki na jeraha. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa, ikiketi hapa Mombasa, ilisema kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuvunji kesi. Ubakaji huweza kuthibitishwa kwa maneno ya aliyetendewa. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi nacho kinaruhusu hukumu kwa ushahidi wake peke yake, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli na akiandika sababu zake.

Somo asiitwe. Nasisitiza hili kwa sababu linafanywa kwa nia njema na linaumiza. Kizinda ni utando unaovutika, maumbile yake hutofautiana, na hakuna somo wala daktari awezaye kukitazama akajua kama mtu amewahi kuingiliwa. Shirika la Afya Duniani lilitaka vipimo vya bikira vikomeshwe mwaka 2018. Tena vidole vya somo vinaweza kufuta zile sampuli zinazotafutwa. Kama alikuwa bikira au la, hilo halipimi ubakaji.

Wazee nao waelezwe kwa adabu kwamba maslaha hayafungi kesi hii. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haikuacha uamuzi wa kusitisha mashtaka mikononi mwa familia, na kosa la ubakaji kifungo chake hakipungui miaka 10. Lakini kuripoti au la ni uamuzi wa mdogo wako. Msimsukume wala msimzuie.

Hospitalini daktari atajaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa, nakala tatu. Hakikisheni imetiwa sahihi, tarehe na muhuri kabla hamjaondoka, na nakala yake muitunze. Akiamua kuripoti, muulizie dawati la jinsia kituoni, mpate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha fomu ya P3, ile ya polisi ya ripoti ya daktari, irudishwe hospitali ijazwe. Mkikwama popote pigeni 1195, simu ya msaada kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, ni bure.