Usisubiri upungue ndo uende darasani

Juzi usiku nimepata meseji kutoka kwa dada mmoja wa Mbagala, nimemwomba ruhusa niitumie hapa ila jina nalificha. Ananiambia: "Dada shikamoo. Nilienda zumba na shoga yangu, wimbo wa pili tu nikatoka nikajifanya napokea simu, sikurudi tena, hadi begi langu yeye ndo alinibebea. Nina kilo 94. Nimeamua nitembee kwanza huku nyumbani nipungue kidogo ndo nirudi, unanishauri nini?"

Marahaba mdogo wangu. Ile meseji nimeirudia mara kadhaa na ukweli imeniuma, kwa sababu hilo neno "nipungue kwanza" mimi niliwahi kuambiwa na mtu kwa mdomo wake, tena kwenye maiki, mbele za watu. Kwa hiyo naomba leo nikujibu kirefu na wengine wasome, maana najua wengi mnataka kuanza madarasa ya mazoezi kama hiyo zumba, yale ya kucheza kwa muziki, mnatamani hata kuvaa zile nguo za zamani zilizokaa kabatini, ila mkifika mlangoni mkiona wale wanaoruka ruka mle ndani mnageuza.

Mimi nilipomaliza kumnyonyesha mtoto wa pili presha ikaanza kupanda. Daktari akaniambia bado hatujafika kwenye dawa ila njia ninayoifuata ndo hiyo hiyo, nifanye mazoezi. Sasa sisi tunaokaa kwenye kiti Posta kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, afu unaingia kwenye foleni, unafika nyumbani giza, watoto wanataka kula, unafanya mazoezi saa ngapi? Nikaona bora nitafute jimu karibu na kazini, nijifiche humo foleni ipungue, nikitoka barabara iko wazi. Mpango mzuri kabisa, na bado nawashauri watu wa Dar wote wafanye hivyo.

Darasa la siku hiyo lilikuwa la stepu, yale ya kupanda na kushuka kwenye kile kibao cha plastiki. Nikawahi, nikachagua sehemu, nikasimama. Dada mmoja akanigusa bega, "samahani, hapo ni kwangu." Nikasogea. Nilipohamia na penyewe pana mwenyewe. Nikaishia kwenye kona kabisa, nyuma ya nguzo, mwalimu namwona mkono mmoja tu. Muziki ukawashwa, hakuna salamu wala hakuna aliyeuliza kama kuna mgeni, wenzangu wakaanza kupanda, kuzunguka, kupiga makofi, kushuka upande wa pili, wote kwa pamoja, mi bado natafuta ni mguu gani unaanza. Katikati ya wimbo mwalimu akasema kwenye maiki, "Mama wa fulana nyeusi, we kaa kwanza pembeni utuangalie, ukipungua utakuja tu."

Watu wakacheka. Sio wote, lakini siku hiyo unawasikia wanaocheka tu.

Sikukaa pembeni. Nilibaki kwenye kile kibao napanda na kushuka kwa hesabu yangu mwenyewe, taratibu, mpaka muziki ulipozimwa, afu nikavaa ndala nikaondoka. Mpaka leo nikipita ile barabara moyo unanipiga. Ni miaka imepita na nina nguvu kuliko watu wengi waliokuwa mle ndani, nasema bila aibu, lakini ile sentensi bado naisikia kwa sauti yake yule bwana.

Na kinachonikera zaidi nimekuja kukijua baadaye. Hilo darasa la stepu lilipata umaarufu kupitia mwalimu mmoja wa Marekani anaitwa Gin Miller, mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa anauguza goti. Goti! Mtu alikuwa na maumivu, akawa anapanda na kushuka ngazi taratibu ili goti lipate nguvu, ndo ikazaliwa hii kitu. Sasa zoezi lililotokana na mtu anayejiuguza leo mtu ashike maiki amwambie mama mwenye presha akapungue kwanza nyumbani? Apungue kwa nini, kwa kuangalia tamthilia?

Basi, nikakaa muda bila kwenda popote, hiyo sehemu naruka maana haina la maana. Mfanyakazi mwenzangu ndo akanivuta Jumamosi moja asubuhi kwenye kiwanja cha wazi, mwalimu mtu mzima, ana mvi, spika yake moja kaiweka juu ya ndoo. Kabla hajawasha muziki akauliza, "Nani mgeni leo?" Nikanyoosha kidole. Akanifuata, akaniuliza taratibu kama nina presha, sukari, mgongo, magoti, kama nina mimba, akaniuliza mara ya mwisho kukimbia ni lini. Afu akanitoa nyuma nilikokuwa nimejificha akaniweka mstari wa pili, pembeni kidogo. Nikakataa nikamwambia acha nikae nyuma. Akanijibu nikikaa nyuma namwangalia nani?

Hiyo ndo siri ya kwanza na ningeambiwa mapema ningeokoa muda mwingi. Mgeni anakimbilia nyuma asionekane, kumbe nyuma unaangalia migongo ya watu ambao wenyewe wanakosea, ukiwafuata unakosea mara mbili. Halafu ikifika ile hatua darasa zima linageuka kuangalia ukuta wa nyuma, we uliyejificha ndo unakuwa mbele kabisa, huna wa kumtazama. Mstari wa pili, pembeni. Mbele yako kuna mtu anayejua, mwalimu unamwona miguu yake yote.

Ya pili, mikono iache. Wiki za mwanzo fuata miguu tu, mikono weka kiunoni au izungushe utakavyo. Karibu nyimbo zote za madarasa haya zinahesabika nane nane, ukitulia utasikia, moja mpaka nane hatua ile ile, ikifika nane kuna kitu kinabadilika, na mwalimu mzuri anakuonyesha kwa kidole au anapiga kelele kabla nane haijaisha. Ukishaisikia ile nane hofu yote inatoka. Na akiwa amekugeukia uso, mkono wake wa kushoto ndo uko upande wako wa kulia, walimu wengi wanajigeuza kukurahisishia ila wengine hawafanyi hivyo, kwa hiyo usishangae unagongana na jirani.

Mdogo wangu, we ulitoka wimbo wa pili ukadhani mwili wako umekataa. Mwili haujakataa. Ni kama umeingia jikoni kwa mtu mwingine, hujui chumvi inakaa wapi wala sufuria iko kabati gani, unachelewa, unaunguza, lakini hakuna atakayesema hujui kupika. Ugeni ni kitu kimoja na udhaifu ni kitu kingine, na watu wengi wananenepa miaka kumi kwa sababu tu walichanganya hivyo viwili siku moja jioni.

Na zumba ndo kabisa haina sababu ya kukutoa mbio. Aliyeianzisha, Beto Pérez wa kule Cali, Kolombia, alikuwa mwalimu wa erobiki, siku moja miaka ya 1990 akafika darasani amesahau kanda yake ya muziki, akachukua zake za salsa na merenge alizokuwa nazo akaendesha darasa kwa kubuni hapo hapo. Ndo ilivyozaliwa. Yaani mwenyewe siku hiyo alikuwa anabahatisha, afu leo we unajiadhibu kwa sababu umekwenda kushoto wenzako wamekwenda kulia? Endelea kutembea pale pale ulipo mpaka ile hatua irudi, maana kiitikio kikirudi na hatua inarudi.

Lakini sio kila darasa ni la kuanzia, hapa naomba mnisikilize vizuri sana. Tabata kwa mfano, zile sekunde 20 unajitoa roho, 10 unapumzika, mizunguko 8. Watu wanaipenda kwa sababu ni dakika 4. Ule utafiti wa Profesa Izumi Tabata wa Japani wa mwaka 1996 walipimwa vijana wa kiume wanaosomea elimu ya michezo, sio mama aliyetoka kukaa kwenye kiti saa tisa mfululizo. Utafika huko, ila usianzie huko.

Na spining, zile baiskeli zisizokwenda popote. Mimi sasa hivi ndo darasa langu, nakaa baiskeli ya mbele na nikikosa wiki naumwa. Ila mgeni anaweza kuumia vibaya pale. Kwanza fika mapema mwalimu akupimie siti. Simama ubavuni mwa baiskeli, siti iwe sawa na mfupa wa nyonga yako. Ukipanda, mguu ukiwa chini kabisa kwenye pedeli goti libaki limekunjika kidogo, likinyooka kabisa siti iko juu, likikunjika sana iko chini na magoti yatakulilia kesho. Pale mbele yako kuna kile kitasa cha kukazia, jua kinakaza kwa kuzungusha upande gani, na nyingi ukikibonyeza chini gurudumu linasimama. Hilo lijue kabla hujaanza, maana gurudumu la zile baiskeli ni zito na limefungwa na pedeli, ukiacha kukanyaga lenyewe linaendelea na linavuta miguu yako. Usiitoe miguu kwa ghafla.

Halafu mwalimu akipiga kelele "kaza, kaza!" we mgeni usikaze. Kuna watu wamelazwa hospitali kwa darasa lao la kwanza tu la spining, misuli ya mapaja inafanyishwa kazi kuliko uwezo wake inaanza kuvunjika, uchafu wake unaingia kwenye damu na kwenda kuziumiza figo. Ukiona mapaja yamevimba, maumivu hayavumiliki na mkojo una rangi ya Coca-Cola, usinywe dawa ya maumivu ukalala, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Siwaambii kuwatisha. Nawaambia kwa sababu walimu hawasemi.

Maumivu ya kawaida ni tofauti. Yanaanza kesho yake, siku ya pili au ya tatu ndo yanafika kileleni, afu yanashuka yenyewe. Choo cha kuchuchumaa kitakuwa mtihani, ngazi za ofisini utazishuka umeshika ukuta. Wengi wanaachia hapo wakidhani kila darasa litakuwa hivyo. Haliwi hivyo! Mwili ukishapitishwa mara ya kwanza, ukirudia zoezi lile lile maumivu yanakuwa madogo mno. Kwa hiyo rudi. Rudi darasa lile lile, mwalimu yule yule, usirukeruke leo yoga kesho ngumi, maana kila ukibadilisha unaanza ugeni upya. Zizoee hatua za sehemu moja kwanza.

Hela nayo isiwe kisingizio. Sehemu nyingi unalipa kwa siku, usilipie mwezi kabla hujajua mwalimu akoje. Na hapa Dar ukiamka Jumamosi au Jumapili saa kumi na mbili asubuhi utakutana na klabu za jogging mtaani na fulana zao za rangi moja, wakimaliza kukimbia wanafanya erobiki uwanjani, wengi wanakukaribisha hata kama hujajiunga. Coco Beach watu wako pale kila wikiendi. Mnakumbuka Desemba 2016 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alivyosema kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe siku ya mazoezi? Wenzetu Zanzibar tarehe 1 Januari wanaingia barabarani wazee kwa vijana. Hakuna anayesimamishwa pembeni apimwe kilo kwanza.

Na nyie walimu mnaosoma hapa, maana najua mpo. Hilo swali, "nani mgeni leo?", linachukua sekunde ngapi? Unawasha spika ya milioni, una maiki ya kichwani, unashindwa kuuliza? Mtu ametoka kazini amechoka, amevaa skintaiti kwa mara ya kwanza tangu azae, ameaga mume ambaye pengine kamcheka, amefika mpaka mbele yako, wewe unamwambia akapungue. Huyo hatarudi kwako wala kwa mwenzako, atakaa nyumbani presha impande, na watoto wake ndo watakaolipa. Muogopeni Mungu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hawakuandika kwamba ni za wembamba tu. Mimi presha yangu leo ipo chini na daktari yule yule ndo ananiuliza nafanyaje, na nimefika hapo na mwili ule ule uliochekwa.

Kwa hiyo dada yangu, kutembea tembea, ni kuzuri, ila usikufanye kuwa tiketi ya kuingilia darasani. Jumamosi hii rudi na shoga yako. Fika robo saa kabla, mfuate mwalimu mwambie "mimi mgeni, nina kilo kadhaa, magoti yangu yako hivi," jina la ugonjwa kama upo mtajie, pima na presha kabla hujaenda. Vaa raba, usicheze na ndala wala miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji. Mkisimama, mwambie shoga asimame mbele yako, sio pembeni yako. Ukikata pumzi mpaka huwezi kusema sentensi moja, punguza, tembea pale pale, kunywa maji, ila usitoke nje.

Na kama yule mwalimu ni wa wale wasiouliza, niandikie uko Mbagala sehemu gani. Nina mwalimu ninayemwamini upande huo, nitakupa namba yake, na siku ya kwanza nikipata nafasi nakuja tusimame wote mstari wa pili.