Usipake saruji nyumba ya babu yako

Umeomba ushauri hapa juu ya nyumba ya mawe ya babu yako huko Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, unayotaka kuigawa ikae familia nne. Huyo fundi aliyekwambia ubandue lipu yote ya zamani upige saruji, na ua umwagie zege uwe maegesho, msimamishe leo. Usingoje Jumatatu. Nilipofika pale uliposema mifuko ya saruji ishafika mlangoni sikuweza kuendelea kusoma, maana ndivyo nilivyoanza mimi.

Yetu iko Malindi, humu humu Mji Mkongwe, nyumba ya urithi ya ghorofa mbili kama hiyo yako ya Shangani, na nia ilikuwa hiyo hiyo: kuigawa ikae familia nne. Mkandarasi akaja na maneno matamu, ati chokaa ni mambo ya wazee, saruji ndiyo imara. Imara! Miaka yote alikuwa akijenga nyumba za matofali, ya mawe hajawahi kuishika, na hakuthubutu kusema hajui. Mpaka leo sijamsamehe.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene nusu mita au zaidi, na chini hauna kitu cha kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke. Ukiuziba kwa saruji hayana pa kutokea, basi yanazidi kupanda yakibeba chumvi. Mwaka wa kwanza kuta zetu zilipendeza mno. Masika ya pili lipu ikavimba, ikaanguka mapande mapande na uso wa jiwe ukiwa umeganda nyuma yake. Zege ya uani ikaongeza balaa: mvua iliyokuwa ikizama kwenye udongo chini ya mkomamanga sasa ilikimbilia kwenye misingi. Mpangaji wa chini akawa anaanika godoro kila Jumapili pamoja na kanga zake.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni boriti, ile miti inayobeba sakafu. Ncha zake zimezama ndani ya ukuta, huzioni, na zilioza humo humo kimya kimya mpaka siku sakafu ya chumba cha wanangu iliposhuka kidole kizima. Kubandua saruji, kubadilisha boriti 17 na kupaka chokaa upya kulinila shilingi milioni 43, kuliko ukarabati wote wa mwanzo. Na Beit el-Ajaib, lile jumba la kifalme la Forodhani, jengo la 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 katikati ya matengenezo, watu wakafa. Usiyafanyie mzaha majumba haya.

Chokaa, ndugu yangu. Chokaa iliyolowekwa ikakaa, ipakwe tabaka jembamba jembamba, kila moja inyunyiziwe maji ikauke polepole, mwisho niru, yaani chokaa laini ya kumalizia. Fundi akikwambia atie saruji kidogo tu ishike, mkatalie hicho kidogo.

Ua uachie udongo wake. Panda mkomamanga, panda mwasumini, maji yapate pa kuzama.

Kibali: nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujagusa ukuta, mji huu ni urithi wa dunia tangu 2000. Vyumba usivipanue, upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti, karibu mita tatu.

Leo jioni piga picha ukuta wa chini upande wa uani, na pale boriti zinapoingia ukutani, uziweke hapa nizione kabla fundi hajarudi.