Uliza Ujibiwe: Lee alishinda mara zote hizo, vipi mwisho akashindwa?

SUALI: Asalaam alaykum Maalim. Sie hapa barazani kwetu tumebishana toka baada ya isha mpaka kahawa ikapoa, khabari ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwenzetu mmoja anasema jeshi la Kusini ndo lilikuwa jeshi, lina majemadari wa kweli, limeshinda mapigano chungu nzima. Mwengine anasema Kaskazini walikuwa wengi tu, hamna ujanja pale. Tupambanulie, na utwambie vita vipi ndo vilikata mzizi. (Wasomaji, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam. Wote wawili wameshika nusu nusu. Kwanza tuelewane, Kaskazini na Kusini hapa si Nungwi na Makunduchi, na nikisema Muungano ni wa kwao, yaani hao Kaskazini, si wetu huu, msinianze. Lincoln alichaguliwa rais wa Marekani 1860, majimbo ya watumwa yakaanza kujitoa kulinda utumwa wao, mwisho yakafika 11, na mizinga ikalia kwenye ngome ya Fort Sumter Aprili 1861, vita vikaanza.

Sasa hisabati. Kaskazini watu kama milioni 22, Kusini milioni 9, na katika hao 9 kama milioni 3 na nusu ni watumwa ambao hakuna bwana anayethubutu kuwapa bunduki. Reli, Kaskazini kilomita kama 35,000, Kusini kama 14,500. Viwanda ndo usiseme. Na manuwari za Kaskazini zimeziba bandari, kwaio Kusini pamba wanayo tele ila kuitoa kuuza Ulaya ni kwa kuibia usiku.

Lakini mwenzenu wa kwanza naye haongopi. Robert E. Lee, jemadari wa Kusini, alipokabidhiwa jeshi la Virginia Juni 1862 aliwasumbua Kaskazini kwelikweli. Chukueni mapigano ya Chancellorsville, Mei 1863. Lee ana watu kama 60,000, Hooker wa Kaskazini anao kama 130,000, na Lee badala ya kukimbia akaligawa jeshi lake, akamtuma jemadari wake Stonewall Jackson azunguke msituni na watu wengi, jioni wakatokea ubavuni kwa adui na huku watu wanapika chakula cha usiku. Ushindi mkubwa. Ila tazameni bei yake: Lee kapoteza kama 13,000 baina ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, Hooker kama 17,000. Ukisikia hivo utasema Lee kafaidi, lakini yeye katoa zaidi ya mmoja katika kila watu watano, na wa kujazia hana. Na usiku ule ule Jackson akapigwa risasi na askari wake wenyewe gizani, wakidhani adui, akakatwa mkono na baada ya siku 8 akafa. Ni timu yenye kikosi cha kwanza kizuri mno ila ukiangalia benchi hamna mtu.

Miezi miwili baadae ndo mapigano ya Gettysburg, tarehe 1 mpaka 3 Julai, hasara ya pande zote kama watu 51,000, na siku ya tatu Lee akawatembeza watu kama 12,500 kwenye uwanja mweupe zaidi ya kilomita moja mbele ya mizinga, karibu nusu yao wakauawa, wakajeruhiwa au wakatekwa. Kila mtu anaijua hiyo. Mie lakini mkiniuliza mzizi ulikatwa wapi nawaambia Vicksburg, kule magharibi, mto Mississippi. Grant, jemadari wa Kaskazini, aliuzingira mji ule wa Kusini siku 47, watu wakachimba mapango wakahamia humo na watoto wao, wakala nyama ya nyumbu, gazeti la mji likaishiwa karatasi likachapwa nyuma ya karatasi za kubandika ukutani. Tarehe 4 Julai, siku moja tu baada ya Gettysburg kwisha, jeshi zima la kama 29,000 likasalimu amri. Siku chache mbele mto wote ukawa wa Kaskazini, Kusini ikakatika vipande viwili, na hapo hata awe Lee wangapi haiungiki tena.

Na wale watumwa ambao bwana zao hawakuwapa bunduki? Kaskazini iliwapa. Watu weusi kama 180,000 waliingia jeshi la Muungano na wengi walikuwa watumwa juzi tu. Kwaio mwambieni mwenzenu wa pili kwamba huo wingi haukuzuka wenyewe, sehemu yake Kusini ndo waliyoifukuza kwao. Lee akasalimu amri kwa Grant tarehe 9 Aprili 1865.

SUALI: Maalim, mie ni mwanafunzi wa skuli hapa Chake. Pengine nasoma Bull Run pengine Manassas, Antietam na Sharpsburg. Ni vita vinne? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: La mwanangu, ni majina tu. Kaskazini mara nyingi waliviita kwa jina la mto au kijito kilicho karibu, Kusini kwa jina la mji. Ila Bull Run walipigana mara mbili, 1861 na 1862, uangalie mwaka. Na jihadhari na Tennessee, mana kulikuwa na jeshi la Tennessee la Kusini (jimbo) na jeshi la Tennessee la Kaskazini (mto), na yalikuwa maadui! Nishawahi kulichanganya hili mbele ya darasa zima, wacha.

SUALI: Hivi vita vile sie huku vilitugusa? (Msomaji, Mkunazini)

JIBU: Muulize bibi yako merikani ni kitu gani. Seyyid Said alifunga mkataba na Marekani 1833, na wafanyabiashara wa Salem, mji wa huko Marekani, wakawa wanaleta hapa kitambaa kile cheupe kigumu na kuondoka na pembe na sandarusi. Vita vilipoanza pamba ya Kusini ikazuilika, viwanda vya huko vikakosa kazi, merikani ikapanda bei na kuadimika, Waingereza na watu wa Bombay wakaingiza vitambaa vyao, na Wamarekani hawakuirudisha biashara ile ilivyokuwa. Jina tu ndo likabaki. Tena Februari 1864 meli ya Kusini inayoitwa Alabama, iliyokuwa ikichoma meli za biashara za Kaskazini mpaka bahari yetu hii, ilitia nanga Nzwani, hapo visiwa vya Komoro tu, kuchukua chakula. Juni mwaka ule ule ikazamishwa Cherbourg, Ufaransa, na watu wamejipanga juu ya majabali wanatazama kama ngalawa za mashindano.