Uvimbe wa taya: kwa mnaoanza kazi Mtwara

Wadogo zangu mnaoripoti kitengo cha meno na maabara, mgonjwa wenu wa kwanza mwenye taya lililovimba atakuwa amekaa nalo miaka. Haliumi, akalizoea, tena alikuwa anasubiri hela ya korosho. Atawaambia ni jino tu. Msikimbilie kisu.

Piga eksirei, kisha vuta kwa sindano nene. Yakija majimaji ya rangi ya majani makavu, huenda ni sisti, yaani kifuko cha majimaji. Ukija uji mzito mweupe, fikiria keratosisti, aina nyingine ya sisti. Sindano ikikosa kitu, huenda ni nyama yenyewe, kama ameloblastoma, uvimbe unaotokana na seli za kutengeneza jino. Lakini damu nyekundu ikipanda yenyewe na kusukuma pistoni, chomoa, bonyeza, mwite mkubwa wako. Ndani ya mfupa kuna fundo la mishipa ya damu, na hata kung'oa jino lililolegea hapo kunaweza kumwaga damu usiyoweza kuizuia kwa pamba.

Ukishakata kinyama cha kupima, kitie kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi, ya asilimia 10, wingi wake mara 10 hadi 20 ya kinyama. Na chupa iwe ya mdomo mpana! Mwaka wangu wa kwanza nilitumia chupa ya maji ya kunywa. Kinyama kiliingia kilaini, kesho yake kimekakamaa, hakitoki. Tukakata chupa kwa wembe, na upande uliopondeka ndio ule wa ukingo, penye mpaka wa uvimbe na nyama nzima.

Kwa nini nahangaika na mishipa? Mwaka 1971 daktari wa upasuaji Judah Folkman alitoa hoja kwamba uvimbe usipojipatia mishipa yake hauvuki milimita chache. Ameloblastoma kwa kawaida si saratani, ila hula mfupa, na ukiikwangua tu hurudi. Ndiyo maana watafiti huipaka rangi mishipa kwa vipimo vya maabara na kuihesabu: CD34 kwa mishipa ya damu kwa jumla, CD105 zaidi kwa inayochipua, D2-40 kwa ya limfu.

Hiyo D2-40 ndiyo iliyoniaibisha nikiwa masomoni. Inashika protini iitwayo podoplanini, na podoplanini haiko kwenye mishipa ya limfu peke yake. Imo pia kwenye seli za uvimbe zilizotokana na jino. Nilihesabu kila chenye rangi ya kahawia, nikajaza ukurasa, najiona bingwa. Mwalimu akasogeza slaidi kidogo tu, akaniuliza, "Mshipa gani huu umejipanga kama uzio wa makuti?" Ulikuwa ukingo wa kisiwa cha ameloblastoma. Mshipa wa limfu una ukuta mwembamba uliopindapinda, na ndani kwa kawaida hamna chembe nyekundu. Nilianza upya.

Kosa jingine ni tindikali ya kulainishia mfupa ili ukatike. Kipande chenye mfupa kikilowekwa kupita kiasi kwenye tindikali kali, rangi hufifia, nawe utaandika kuwa mishipa ni michache. EDTA, dawa nyingine ya kulainisha mfupa, ni ya polepole, inachosha kusubiri, lakini haiharibu hivyo.

Kama kinyama kinapelekwa Dar, fomu msiijaze kwa neno moja, "uvimbe". Andikeni umri, upande wa taya, sindano ilileta nini, na kipande kimetoka ukingoni au katikati. Atakayekaa kwenye darubini kule hajamwona mgonjwa.