Wadogo zangu wa Torino, pangeni kurudi kwanza

Kila Oktoba ni yaleyale. Wanafunzi wageni wa mwaka huu hapa Torino, Italia, wameshapata codice fiscale (namba ya kodi), bahasha ya permesso (kibali cha kukaa) wameipeleka posta, fungu la kwanza la borsa (hela ya ufadhili) hata halijaingia, na kundi la WhatsApp tayari lina ratiba: "Jumamosi tunaamka mapema, tunamaliza vijiji vyote vitano vya Cinque Terre, jioni tunapita Portofino kupiga picha, Jumapili tunagusa Nice halafu tunarudi." Yaani pwani ya Liguria, kusini mwetu, mpaka Ufaransa, kwa siku mbili. Chini yake mioyo na vidole gumba. Nilitaka ninyamaze. Nimeshindwa, kwa sababu aliyeandika ratiba hiyo ndiye aliyeniuliza juzi kama tiketi ya tramu inafika mpaka baharini.

Nawapenda, ndiyo maana nitafoka kidogo.

1. Ratiba hiyo ni ya ndege, siyo ya binadamu. Portofino haina reli. Stesheni inaitwa Santa Margherita Ligure-Portofino, na jina hilo limeshawaponza wengi: ukishuka bado una kilomita kama tano za basi au za miguu. Vijiji vitano kwa siku moja mnaweza, kama shida yenu ni kuona mahandaki, maana kati ya La Spezia na Levanto treni inapita gizani karibu njia nzima. Chagueni viwili, vitatu mkizidi. Na msifikiri Corniglia iko ufukweni kama wenzake. Iko juu ya jabali, na kutoka stesheni mnapanda ngazi zaidi ya 370. Basi dogo lipo, lakini kila mwaka hapakosi mmoja aliyekuja na sanduku la magurudumu, na basi likiwa limejaa sanduku hilo hubebwa na mvulana ambaye hakuulizwa.

2. Cinque Terre Card ziko za aina mbili. Ya Trekking ni ya njia za miguu, haina treni. Ya Treno inaongeza treni za daraja la pili, ila ni kati ya Levanto na La Spezia. Kutoka Torino hadi huko ni tiketi yako ya kawaida. Tiketi ya regionale, zile treni za mkoa, ikiwa ya karatasi igongeni kwenye mashine kabla ya kupanda, ya kwenye simu ithibitisheni ndani ya programu kabla ya kupanda. Mkaguzi ameanza kusikia "non lo sapevo", sikujua, kabla ninyi hamjazaliwa.

3. Sciopero, yaani mgomo. Hapa kaeni chini.

Tulipokwenda sisi, admini wa kundi nilikuwa mimi. Nilikusanya michango, nikaweka nafasi hosteli ya La Spezia, nikagawa vitanda, nikawa najibu maswali ya watu wazima kama mwalimu wa zamu. Jumamosi ilikwenda vizuri mno. Vernazza asubuhi, Monterosso mchana, watu wakaoga. Kijana mmoja wa Pemba alikaa juu ya mwamba akingoja maji yapwe apate kuangalia pweza, mpaka tukamwambia bahari ya huku kujaa na kupwa kwake hata hakuonekani. Akatuangalia kama tumemtapeli. Jioni, kwenye baa, mhudumu akatuambia kuna sciopero ya treni, inaanza saa tatu usiku uleule mpaka saa tatu usiku wa Jumapili.

Nilimwelewa vizuri, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Ningekuwa sijui Kiitaliano ningeuliza. Lakini mimi nilikuwa najua kitu kinaitwa fasce di garanzia: kwamba hata siku ya mgomo kuna treni za regionale ambazo lazima zitembee, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili hadi saa tatu jioni. Nilikuwa nimesoma hayo, na Jumatano moja niliwahi kupanda treni hizo nikafika darasani wakati wenzangu wamelala. Tangu siku hiyo nikajiona mwenyeji. Basi nikawatangazia watu: "Msihofu. Kesho jioni treni ipo, sheria inawalazimisha."

Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili akaniuliza, "Dada, una uhakika? Mimi Jumatatu nina alama za vidole." Alikuwa anafanya upya permesso, na miadi yake ya questura, polisi wanaoshughulikia vibali, ilikuwa saa mbili na dakika tisa asubuhi. Mnazijua saa zao. Akasema labda turudi usiku huohuo kabla mgomo haujaanza, kwamba yeye yuko tayari kupoteza hela ya kitanda. Nikacheka. Nikamwambia mbele ya watu wote aache woga wa kishamba.

Zile fasce ni za siku za kazi. Jumapili na sikukuu hazipo. Hilo nalo limeandikwa, tena wazi, mstari unaofuata ule niliousoma mimi.

Jumapili tulishinda ufukweni kwa raha zetu, mimi nikiwakumbusha wasiharakishe. Saa kumi na moja na nusu tukaingia stesheni na mikoba yetu, na ubao ulikuwa unasema jambo moja kuanzia juu mpaka chini: cancellato, cancellato, cancellato. Imefutwa. Nikabishana na ubao. Nilitoa simu nikaanza kuwaonyesha wenzangu kile kifungu, kana kwamba treni ingekisoma ikaona aibu ikaja. Ni yule kijana wa Pemba aliyeichukua simu mkononi mwangu, akateremsha kwa kidole, akasoma mstari wa chini kwa sauti, polepole, kwa Kiitaliano cha A2, cha mwanafunzi anayeanza. Hakuna aliyesema kitu.

Baada ya saa tatu treni zikaanza kuamka moja moja. Tulifika Genova usiku wa manane, na ya kwenda Torino hakuna mpaka alfajiri. Tukakesha stesheni ya Piazza Principe, wenzangu wamelalia mabegi, mimi nimesimama, kwa sababu kila nilipotaka kukaa naona hakuna anayesogea. Treni ya kwanza ilichelewa kuondoka, ikasimama njiani, ikaondoka tena. Mdogo wetu alikuwa anatazama saa. Picha zake, nakala na barua ya chuo vyote viko chumbani residenza, bwenini, kwa hiyo kutoka stesheni ya Porta Nuova ilibidi kwanza akimbilie huko. Alipofika dirishani zamu yake ilikuwa imepita, na tarehe mpya aliyopewa ilikuwa ya miezi mbele. Permesso ikachelewa. Kiangazi alikuwa amekubaliwa kozi fupi Ujerumani, na kwa ricevuta, risiti ya maombi, peke yake huvuki hata kwenda nchi jirani. Kozi ikampita.

Hakunigombeza. Wiki ileile alinirushia euro saba za focaccia, ule mkate wa mafuta, nilizokuwa namdai, akaandika, "Ahsante dada." Nilizikodolea macho zile euro saba kuliko nilivyowahi kukodolea matokeo ya appello, mtihani, wowote.

Cha kufanya ni kidogo tu. Sheria namba 146 ya mwaka 1990 inataka mgomo wa usafiri utangazwe angalau siku 10 kabla, na wizara yao ya uchukuzi inaweka orodha kwenye tovuti. Isomeni kabla ya kulipa hosteli, siyo mkiwa baa. Ukikuta mgomo wa Jumapili, badilisheni wiki. Na mwenye miadi ya Jumatatu asubuhi, iwe questura iwe mtihani, asiende. Akilia, mnunulieni focaccia mkirudi.

4. Hati. Pasipoti yenyewe, siyo picha yake kwenye simu. Hosteli inawajibika kuwaandikisha wageni polisi, na mpokezi hawezi kukuandikisha kwa tabasamu. Sasa hiyo Nice yenu. Tangu 2015 polisi wa Ufaransa wanakagua treni zinazotoka Ventimiglia, hasa pale stesheni ya Menton Garavan, na sitawadanganya: sisi weusi ndio tunaoulizwa kwanza. Mwenye permesso ya plastiki na pasipoti, apite. Mwenye viza ya D, ile ya kukaa muda mrefu, ambayo haijaisha, apite. Mwenye ricevuta tu abaki Sanremo ale gelato, na wenzake wasimshawishi kwa "mbona fulani alipita". Fulani alibahatika, na polisi wakimteremsha rafiki yenu, kundi zima litasimama Menton likijiuliza nani abaki naye.

5. Viatu vya kufunga. Hifadhi ya Cinque Terre inakataza sandali za wazi kwenye njia za mlimani na faini ipo. Najua mtu wa pwani haoni tofauti kati ya ndara na kiatu, lakini njia zile zinapita juu ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, ambazo ndizo zinazoshikilia mashamba ya mizabibu yasiteremke baharini. UNESCO iliingiza eneo hilo kwenye urithi wa dunia mwaka 1997 kwa ajili ya kazi hiyo, siyo kwa ajili ya nyumba za rangi mnazozipiga picha. Mvua ikizidi, mlima unashuka. Tarehe 25 Oktoba 2011 matope yaliifukia Vernazza na Monterosso, na watu walikufa. Oktoba, mwezi huuhuu mnaopanga kwenda. Ikitoka allerta, tahadhari ya hali ya hewa, njia zinafungwa, na wewe usiruke kizuizi kwa sababu umetoka mbali. Via dell'Amore, ile ya Riomaggiore hadi Manarola, ilifungwa 2012 baada ya mawe kuanguka na kuumiza watalii, ikafunguliwa tena 2024. Ni ya kulipia na kuchukua nafasi mapema, kwa hiyo msitokee tu pale kundi zima mkiwa mmevaa sare.

6. Hela. Mchango wote unalipwa kabla. "Nitakutumia borsa ikiingia" siyo mchango, ni hadithi. Kuna tassa di soggiorno, kodi ya mgeni anayelala, mara nyingi wanaitaka taslimu mnapofika, na hapo ndipo huonekana nani hana hata senti mfukoni. Kwenye mgahawa kuna coperto, ada ya kukaa mezani, ya kila kichwa, hata cha yule aliyeagiza maji. Kuleni focaccia na farinata dukani, mkae kwenye ngazi za kanisa. Farinata ni unga wa dengu na mafuta ya zeituni, inashibisha na haina mambo. Focaccia ya Liguria kwa asili nayo ni ya mafuta ya zeituni, ila Waislamu wenzangu ulizeni kama kuna strutto, mafuta ya nguruwe, maana wapo wanaoweka. Kuoga, tafuteni spiaggia libera, ufukwe wa bure. Vile viti na miamvuli vilivyopangwa mstari vina mwenyewe, na mwenyewe anakuona.

Na mtu mmoja asishike hela na ratiba na ukweli wote kwa pamoja. Mwenye hela awe mwingine, mwenye treni mwingine, na awepo wa tatu ambaye kazi yake ni kuuliza "una uhakika?" bila kuchekwa. Mimi nitakuja kama abiria. Nitalipa mchango wangu Ijumaa kama kila mtu, na nimeshachagua upande: mkitoka Genova kwenda La Spezia, bahari iko kulia.