Nesi, hiyo 13 ilikuwa na maana gani?

SWALI: Habari za kazi, nesi. Mjukuu wangu wa miaka 6 aligongwa na bodaboda hapa Uyole. Pale mapokezi nikasikia wakiambiana, "Glasgow 13." Sasa yuko nyumbani, ila namba hiyo hainitoki kichwani. Walikuwa wanapima kama atakufa?
Bibi, Mbeya

JIBU: Shikamoo bibi, na pole kwa mshtuko. Namba hiyo ni ya fahamu. Kipimo cha Glasgow, cha tangu 1974, hutoa alama kwa kufumbua macho, kuongea na kujongeza viungo: 15 ndiyo ya juu, 3 ya chini kabisa. Kwa 13 mjukuu hakuwa pabaya, ila ilibidi apimwe tena na tena. Inayoshuka ndiyo hututoa jasho.

Kipo kingine cha watoto, cha 1987: uzito, njia ya hewa, presha, fahamu, vidonda, mifupa. Jumla huanzia -6 hadi 12. Ikiwa 8 au chini, tunatafuta gari la rufaa. Hapo hatujatabiri kifo, tumeamua nani atangulie.

Mimi naanza na mikono. Presha ya mtoto hudanganya: hubaki nzuri huku damu ikivuja tumboni, kisha huporomoka ghafla. Kabla ya hapo mapigo huenda mbio, vidole hupoa, na ukibonyeza ukucha, weupe hukawia kuondoka. (Baridi yetu ya Julai nayo hutuchanganya, kwa hiyo nabonyeza kifuani.)

Huyo wenu akitapika mara kwa mara, akisinzia mno au kichwa kikizidi kumuuma, mrudisheni hospitali hata usiku.