Barua kwa mwanangu aliye Sydney

Mwanangu Salim,

Barua yako nimeisoma, na swali lako nimelala nalo siku mbili. Wenzako wanakucheka kwa kujitolea kwenye kambi ya likizo hapo chuoni, ile ya vijana wa sekondari Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Wanadai hao wanaingizwa chuo kikuu kwa mlango wa nyuma. Nawe unaniuliza: Mama, ni haki kweli? Na hiyo wiki moja ya kulala bwenini inamsaidia nani?

Swali la haki kwanza, maana ni jepesi. Tangu 2024, kijana Mwaborijini au wa Visiwa vya Torres Strait amehakikishiwa nafasi ya shahada ya kwanza inayochangiwa na serikali, ila sharti atimize sifa za kozi anayoomba, na kozi ya udaktari wa tiba haimo. Mlango wa nyuma uko wapi hapo? Kama wenzako ni watu wa hesabu, wahesabu hivi: chuo chenu, Chuo Kikuu cha Sydney, kilianzishwa 1850, na Charles Perkins, mwanamume wa kwanza Mwaborijini kuhitimu chuo kikuu Australia, alipata shahada yake hapo hapo 1966. Katika shule za serikali za New South Wales, jimbo lenu hilo, mwalimu mkuu aliweza kumkatalia mtoto Mwaborijini iwapo wazazi Wazungu walilalamika. Ruhusa hiyo ilifutwa 1972. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa! Bibi yake yule binti wa kambini uliyenisimulia huenda alikuwa na umri wa kwenda shule.

Huyo binti ndiye aliyeninyima usingizi. Uliandika kama mzaha kwamba siku ya tatu ndipo alipokuuliza choo kiko wapi. Siku mbili alijibana mpaka mrudi bwenini. Sikucheka. Nimefundisha miaka thelathini na moja, mtoto anayejibana namjua. Akili anazo. Anachoogopa ni kuonekana mgeni mahali ambapo wengine wote wanatembea kama kwao. Mtoto huyo akidahiliwa bila kumjua mtu, hatauliza tarehe ya kukusanya kazi wala fomu ya posho inajazwaje, na mwezi wa pili atafungasha arudi nyumbani, watu waseme masomo yalimshinda. Ramani ilikuwepo ukutani, ofisi ilikuwa wazi, akakuuliza wewe.

Hesabu hataijua kwa wiki moja, hilo nakubali. Wenye mapengo ya masomo wana kozi ndefu za maandalizi, kama ile iitwayo Yapug ya Chuo Kikuu cha Newcastle, huko huko Australia. Kambi inampa mtu wa kumuuliza. Jack Manning Bancroft alipoanzisha shirika la AIME mwaka 2005, akiwa mwenyewe mwanafunzi hapo Sydney, alifanya jambo la namna hiyo: kuwaunganisha wanafunzi wa chuo na wa sekondari.

Ninachohofia ni nyinyi. Mnagawa fulana, mnapiga picha, basi likiondoka mmesahau. Shuleni kwangu walikuja wageni wa hivyo, wakaahidi kurudi, na watoto wakawa wanachungulia getini muhula mzima.

Basi muulize mratibu kama mnaruhusiwa kuwasiliana nao baada ya kambi, na kwa njia gani, maana bado ni watoto wa watu. Akikubali, weka alama kwenye kalenda yako miezi yao ya mitihani. Akikataa, niandikie.

Na ile habari ya choo, usiwasimulie wenzako.

Mamako